UZI: Sheria inaiita nyumba yako nini? Kutoka Milimani hadi mashamba ya Kwanza

1/ Kila msimu wa siasa maneno ni yale yale jukwaani: bomoabomoa, hati miliki, nyumba nafuu. Tunachapana kwenye komenti hadi usiku wa manane, na hakuna anayeuliza swali moja dogo: sheria inaiita nyumba yako nini? Leo twende pole pole. Sitataja mwanasiasa wala chama. Shikeni chai.

2/ Nianze nyumbani, Kwanza, Trans Nzoia. Mzee wangu ana nusu ekari kando ya barabara. Mbele kuna nyumba yetu, nyuma akajenga vyumba sita vya kupanga. Wapangaji ni walimu, watu wa bodaboda na mama mmoja wa mitumba. Mwaka jana akaenda benki moja kuomba mkopo. Akaambiwa thamani itahesabiwa ya udongo tu, kwa sababu kwenye rekodi hapo ni shamba.

3/ Yaani kwa karatasi, wapangaji wetu sita ni mahindi. Nilicheka, Mzee hakucheka. Ndiyo nikaanza kusoma hii historia.

4/ Sheria ya mipango hugawa ardhi kwa matumizi. Kwenye mipango mingi ya miji ya Kenya utaona namba: 0 ni makazi, 1 viwanda, 2 elimu, 5 biashara, 9 kilimo. Ndani ya makazi kuna ngazi: msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Nyumba moja kwenye uwanja mpana si sawa na ghorofa la vyumba arobaini, ingawa zote watu wanalala ndani.

5/ Inakaa kama hesabu ya mainjinia tu, sivyo? Lakini ngazi hizo zina ukoo. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimleta daktari wa afya ya umma, Profesa Simpson. Nairobi ilikuwa imeshapigwa na tauni. Pendekezo lake: miji igawanywe kwa rangi, Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Sababu iliyoandikwa ni afya. Swali la kwanza la mipango yetu likawa: nani alale wapi?

6/ Mwaka 1923 London ikatoa Waraka wa Devonshire. Kutenganisha watu kwa rangi mijini kukaachwa kama sera. Nyanda za juu za Wazungu, Trans Nzoia ikiwemo, zikabaki zao. Mkisikia "kibaguzi kilifutwa 1923", ulizeni kilifutwa wapi na kikabaki wapi.

7/ Hata mjini kilipofutwa mlangoni, kiliingilia dirishani. Serikali ilipopiga mnada ploti za Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1920, ilitaka Wazungu pekee ndio wanunue. Sharti la ploti likasema Mwasia au Mwafrika asikae kwenye nyumba hiyo, isipokuwa kama ni mtumishi wa nyumbani wa mwenyewe.

8/ Mfanyabiashara aitwaye Kaderbhai alipinga. Kesi ikafika mahakama ya juu kabisa ya ufalme huko London, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ikashinda: Kamishna wa ardhi anaweza kuweka sharti kama hilo. Kwa hiyo matumizi ya nyumba hayakuhusu jengo tu. Yalihusu pia ni nani yuko ndani, na analala chumba gani. Ukiona SQ nyuma ya nyumba za zamani za Milimani, kumbuka hilo sharti.

9/ Sasa turudi huku juu. Reli ilifika Kitale 1926, mashamba ya walowezi yakiwa yameshakatwa. Babu zetu waliishi humo kwa maelfu. Je, sheria iliwaita wakazi? Hapana. Sheria ya 1918 ilisema Mwafrika akikaa kwenye shamba la mlowezi, afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kulipa kodi ukae kama mpangaji hakukutakiwa. Kilichotakiwa ni jasho lako.

10/ Mwaka 1937 ikaja sheria kali zaidi. Mabaraza ya walowezi yakapewa nguvu ya kupandisha siku hadi 270 na kupunguza mifugo ya skwota. Kazi ikiisha, na makao yameisha. Mtu angezaliwa hapo, azike wazazi hapo, na bado kisheria hapo si kwake pa kuishi. Ni mahali pa kazi.

11/ Baada ya Vita Kuu ya Pili lugha ikasafishwa. Mpango mkuu wa Nairobi wa 1948, ulioandikwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini, ulikwepa kuongea rangi waziwazi. Ukaongea kanda na vitongoji. Uhuru ulipokuja, rangi ikatoka kabisa kwenye masharti. Ramani haikutoka.

12/ Angalieni mji wowote wa Kenya. Kule Wazungu walikaa pakawa msongamano mdogo, kwa Wahindi wa kati, kwa Waafrika mkubwa. Kitale ni hivyo hivyo. Milimani kuna miti na nyua pana. Tuwani, Kipsongo na Shimo la Tewa watu wamebanana. Rangi ya ngozi ilitoka, saizi ya ploti ikakaa kwenye kiti chake.

13/ Haki itendeke: si kila mpango ni uonevu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la Practical Action lilikaa na wakazi wa mitaa hiyo mitatu ya Kitale, wakapanga pamoja maji, vyoo na njia. Na bila mpango jirani anaweza kuchimba choo karibu na kisima chako, halafu utamshtaki kwa nani? Shida ni pale sheria inaandika jina la mahali bila kuangalia nani anaishi hapo.

14/ Vijijini je? Baada ya uhuru watu, wakiwemo wengi kutoka Bungoma, walichanga pesa kwenye vyama na kampuni za kununua mashamba ya walowezi. Mwaka 1967 ikaja Sheria ya Udhibiti wa Ardhi: kuuza, kukodisha au kugawanya ardhi ya kilimo, lazima idhini ya bodi, la sivyo mkataba ni bure. Lengo halikuwa baya. Shamba lisikatwekatwe hadi lisilishe mtu.

15/ Lakini watoto walizaliwa, karo ikapanda, na 50 kwa 100 ikauzwa kuliko gunia la mahindi. Mikataba ikaandikwa mbele ya mzee wa mtaa, bodi ikasahaulika. Ndiyo maana leo Kwanza iko na ploti na bado ni shamba. Mtu ana nyumba ya mawe, ana stima, ana mita ya maji, na kwenye rekodi yuko namba 9.

16/ Sheria ya sasa ni ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Kujenga au kubadilisha matumizi kunahitaji ruhusa ya kaunti. Kuanza bila ruhusa ni kosa: faini hadi shilingi 500,000 au jela hadi miezi 2, au vyote viwili. Kwa hiyo tingatinga likija, karatasi nyingi za wanyonge hazisaidii. Walinunua kwa pesa halali, wakajenga kwa namba isiyo yao.

17/ Na sasa kuna ngazi mpya. Sheria ya Nyumba Nafuu ya 2024 inagawa watu kwa mapato: chini ya 20,000 kwa mwezi ni nyumba za jamii, 20,000 hadi 149,000 ni nafuu, juu ya hapo ni tabaka la kati. Sisi wa nje ya miji tuko na aina yetu, ya vijijini. Ona safari: kwanza ngozi, halafu ploti, sasa payslipu. Mama wa mitumba hana payslipu. Yeye ni aina gani?

18/ Sisemi kugawanya kwa mapato ni sawa na kugawanya kwa rangi. La hasha. Maskini akitengewa nyumba, hiyo ni afadhali. Ninachosema ni kwamba kila ngazi huamua nani anaonekana na nani hesabu inamruka. Na kila mara aliyerukwa ni yule aliyekuwa anaishi hapo tayari.

19/ Basi mgombea akiahidi hati miliki, mwulize: ya matumizi gani? Akiahidi kuzuia bomoabomoa, mwulize: mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo letu uko wapi, na lini tutaitwa kuusoma? Akiahidi nyumba, mwulize: vyumba ambavyo wananchi wameshajenga wenyewe vitaingizwaje kwenye mpango? Akijibu kwa wimbo, mmejua.

20/ Mzee wangu ameanza kutafuta kibali cha kubadilisha matumizi. Kuna mpima wa kulipwa, mpangaji mji wa kulipwa, tangazo, na kungoja wenye pingamizi. Jana aliniuliza, "Sasa hii yote ni ili waandike kwamba watu wanaishi hapa?" Nikamwambia ndiyo, Mzee. Ni hiyo tu.

Mwisho wa uzi. Kwenu ardhi imeandikwa nini, na mnaishi vipi? Semeni hapo chini, ila matusi wekeni kando.