Nani Mwenye Saa? Televisheni na Pambano la Kinshasa, 1974

Mchezo unapopelekwa kwa televisheni kwa watazamaji wa nchi ya mbali, ni nani anayepanga saa yake? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kulinganisha mifano miwili: pambano la ndondi la Kinshasa la 1974 na kandanda ya Kimarekani nchini Uingereza.

Muhammad Ali na George Foreman walipangiwa kupigana tarehe 25 Septemba 1974. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, pambano likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba. Serikali ya Mobutu Sese Seko ilikuwa imedhamini malipo ya dola milioni 5 kwa kila bondia, ikitaraji jina la Zaire livume duniani. Uwanja ulikuwa wa Zaire, na umma uliojaa humo ulikuwa wa Zaire. Hata hivyo, pambano lilianza saa kumi usiku.

Sababu ilikuwa televisheni. Saa hiyo ilikuwa saa nne usiku ya tarehe 29 mjini New York. Huko Marekani watazamaji walikata tiketi, wakaketi katika kumbi na majumba ya sinema kutazama picha ya moja kwa moja kwenye skrini kubwa. Picha hiyo haikutolewa bure majumbani. Kwa kuwa tiketi zile zilikuwa nguzo ya mapato, saa ya mnunuzi ikawa saa ya pambano.

Nchi hiyo ina majira mawili ya saa, na Kisangani huitangulia Kinshasa kwa saa moja. Kwa mkazi wa Makiso, basi, Ali na Foreman walikutana saa kumi na moja alfajiri. Mwaka mmoja kabla, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alikuwa ametangaza kwamba biashara za wageni zitatiwa mikononi mwa raia wa Zaire. Serikali iliyodai kuwarudishia wananchi uchumi wao haikuwapangia saa ya kutazama mchezo katika uwanja wao wenyewe.

Nchini Uingereza mambo yalikwenda kinyume. Channel 4, iliyoanza kurusha matangazo Novemba 1982, ilionesha kandanda ya Kimarekani bila malipo ya ziada. Mechi zilichezwa Marekani kwa saa za Marekani. Waingereza wakapewa muhtasari wa kila wiki, uliokatwa na kupangwa kwa saa zao. Mchezo uliokuwa mgeni ukapata wapenzi, hata tarehe 3 Agosti 1986 Chicago Bears na Dallas Cowboys wakajaza uwanja wa Wembley kwa watu zaidi ya 80,000.

Tofauti ya mifano hii haikutokana na mitambo. Kituo cha Uingereza kilinunua picha kwa ajili ya watazamaji wake, kikawa na uwezo wa kuichelewesha na kuifupisha. Zaire ilidhamini malipo ya mabondia, lakini soko la picha lilikuwa kwingine.

Ali alishinda kwa kumwangusha Foreman katika raundi ya nane. Umati ulipaza sauti kwa Kilingala, lugha inayosikika Kisangani bega kwa bega na Kiswahili: “Ali, boma ye!”, yaani “Ali, muue!” Kilio hicho kilivuka bahari na kukumbukwa duniani. Lugha ilikuwa ya wenyeji. Saa ilikuwa ya waliokata tiketi ng’ambo.