Barua Ichujwe Wapi?

Msomaji, ikiwa umepata kukaa Alupe, kati ya Busia na Malaba, huhitaji kuelezwa foleni ya malori ni kitu gani. Kwa miaka mingi lori la Uganda lilisafiri takriban kilomita 900 kutoka Mombasa, likafika mpakani, na hapo ndipo mzigo wake ulipokaguliwa na kodi kukadiriwa. Kama palikuwa na kasoro, mafuta yalikwisha kuchomwa na siku zilikwisha kupotea. Mwaka 2014 nchi za Jumuiya zilianza utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, na chini yake kodi ya mzigo wa Uganda hukadiriwa mzigo ungali Mombasa. Nataka ulishike jambo hili moja tu, kwamba kazi kubwa ya ukaguzi iliondolewa mwisho wa njia ikapelekwa mwanzo wake. Maana habari nitakayokusimulia ni ya ukaguzi wa namna hiyo, ila mizigo yake ni barua.

Zamani huko Uingereza aliyelipia barua aghalabu alikuwa mpokeaji. Tarishi alibisha mlango, akataja ada, na mwenye nyumba akaamua kuipokea barua ama kuikataa. Mwaka 1840, kwa shauri la Rowland Hill, ilianza kutumika stempu, na tangu hapo ikawa desturi kwamba mwenye kutaka kusema ndiye alipaye. Simu ya maandishi ilifuata desturi hiyo kwa ukali zaidi, kwani ililipiwa kwa kuhesabu maneno. Wazee waliopeleka simu katika siku za Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, lililovunjika pamoja na Jumuiya ya kwanza mwaka 1977, wajua jinsi mtu alivyosimama mbele ya karani akifuta salamu, akifuta na neno tafadhali, hata ikabaki habari tupu: nani amefariki, nani aje, siku gani. Mpelekaji mwenyewe ndiye aliyekuwa chujio, naye alichuja vizuri kwa sababu senti zilikuwa zake.

Barua pepe iliigeuza desturi hiyo. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa Marekani, alipeleka barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao uitwao ARPANET, akachagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine yake. Kupeleka barua moja au mia kulikuwa karibu bure. Haikupita miaka 10 kabla mtu hajalitambua hilo: mwezi wa Mei 1978 mfanyabiashara mmoja, Gary Thuerk, aliwapelekea watu mia kadhaa kwa mara moja tangazo la kuuza kompyuta, bila ya wao kuliomba. Ndiyo inayohesabiwa kuwa barua taka ya kwanza. Tena mwaka 1992 ulitolewa mpango uitwao MIME, uliowezesha picha na sauti kubebwa ndani ya barua kama viambatisho. Ulikuwa mpango wa maana sana, walakini ulikuwa na uzito wake. Ili kiambatisho kipite katika njia iliyofanyiwa maandishi, kila baiti 3 aghalabu zilibadilishwa kuwa herufi 4, na kwa hiyo mzigo ukaongezeka kwa theluthi moja hata kabla ya kuondoka nyumbani.

Sasa twende kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Afrika Mashariki ilipata barua pepe kwa kudra za watu wachache wenye subira. Nairobi, katika afisi za Environment Liaison Centre International, na Kampala, katika Chuo Kikuu cha Makerere, palikuwa na kompyuta zilizofuata utaratibu wa FidoNet, uliobuniwa na Tom Jennings wa Marekani mwaka 1984. Barua zilikusanywa, zikakazwa pamoja kama nguo katika sanduku, kisha kompyuta ikapiga simu hadi London na kuzipeleka zote kwa safari moja. Kila dakika ya simu hiyo ya nchi za ng'ambo ililipiwa, ziendazo na zirudizo. Kwa hiyo tangazo la mtu asiyejulikana, likitoka ng'ambo, lilikula fedha za chuo cha Kampala, wala si za aliyeliandika. Waona, msomaji? Tulirudishwa katika zama za kabla ya 1840, ila tarishi huyu hakuuliza mlangoni kama twaitaka barua.

Madaktari nao walikuwa na njia yao. Bernard Lown wa Marekani, mmoja wa waanzilishi wa chama cha madaktari kilichopata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1985, alianzisha shirika la SatelLife ili tabibu wa Afrika apate habari za utabibu. Shirika hilo lilitumia setilaiti ndogo zizungukazo dunia karibu, mojawapo ikiwa HealthSat-2 iliyorushwa mwaka 1993. Setilaiti ya namna hii haisimami juu ya nchi moja. Hupita angani mara chache kwa siku, kila mara kwa dakika chache, na katika dakika hizo kituo cha chini hupakua barua zake na kupakia nyingine. Anayejua kuwa gari litasimama dakika 10 tu hapakii takataka. SatelLife iliwachagulia madaktari makala zilizofaa ikazifanya muhtasari. Tena ilikuwa na huduma iitwayo GetWeb, ambayo mtu aliiandikia barua akitaja ukurasa wa intaneti autakao, nayo ikamrudishia maneno matupu, picha zote zimeondolewa. Fikiria mchunguzi wa ukoma mahali kama Alupe, ambapo ugonjwa huo umetibiwa na kuchunguzwa kwa miaka mingi: yeye hahitaji nembo ya jarida wala rangi zake, ahitaji kujua dawa ipi imefaa.

Njia nyembamba kupita zote ilikuwa ya redio ya masafa marefu. Kampuni ya Bushnet ya Kampala iliwafikishia barua pepe wamisheni na mashirika ya misaada waliokaa mbali na waya wa simu. Mawimbi ya redio hiyo hupanda juu, hugongana na tabaka la hewa lenye umeme, kisha hurudi chini mamia ya kilomita mbele. Nayo hubadilika mchana na usiku, na radi huyavuruga. Tufanye hesabu pamoja. Chukua njia iendayo kwa biti 2,400 kwa sekunde, ambayo kwa redio ni kasi njema. Ukurasa wa herufi 2,000 ni biti 16,000, nao wapita kwa sekunde zisizozidi 7. Picha ya baiti 300,000, ikiongezewa ile theluthi, yawa baiti 400,000, yaani biti 3,200,000: dakika 22 na zaidi, ikiwa radi haikupiga. Na katika dakika hizo hakuna mwingine kituoni awezaye kuomba dawa wala ndege.

Basi chujio liwekwe wapi? Wengi hudhani ni katika kompyuta ya mpokeaji, na programu nyingi zilifanywa hivyo. Lakini barua iliyokwisha fika imekwisha kula njia, na kuitupa hapo ni kulikagua lori Malaba. Mama wa Kiteso hupepeta wimbi nyumbani, hapeleki makapi kwenye mashine ya kusaga akayalipie. Utaratibu wa POP3, ulioandikwa rasmi mwaka 1996, humruhusu mpokeaji kuiuliza seva, kabla ya kuchukua chochote, kila barua ina ukubwa gani, na kuonyeshwa kichwa chake na mistari michache. Akiisha ona, huamua. Mwaka 2001 Tim Showalter alitangaza lugha iitwayo Sieve, maana yake chekeche, ambayo kwayo mtu huandika masharti yake yakakaa katika seva yenyewe: barua ipitayo ukubwa fulani isije, itokayo kwa fulani iwekwe kando.

Hata hivyo ungo humwaga na punje njema. Mwaka 2002 Paul Graham alieleza jinsi ya kuchuja barua taka kwa hesabu za uwezekano za Thomas Bayes, kasisi wa Kiingereza wa karne ya 18: kompyuta hupima maneno yaliyomo na kukadiria kama barua ni taka. Ni makadirio tu, wala si hukumu. Wakuu wengine wa seva walikwenda mbali zaidi, wakazikataa barua zote zitokazo katika anwani zilizoandikwa kwenye orodha nyeusi. Na kwetu, ambako watu wengi walitumia dungu moja la setilaiti na anwani moja ya nje, kompyuta moja yenye virusi iliweza kuwafungia mlango majirani wasio na hatia. Kwa maoni yangu hili ni kosa zito kuliko kupokea taka, maana mwenye kupokea taka huiona, lakini aliyekataliwa barua huenda asijue kamwe.

Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na njia ikapanuka sana. Leo mwanafunzi wa Alupe huchukua barua kwa simu ya mkononi, akilipia vifurushi, na katika baadhi ya programu aweza kuzuia picha zisije mpaka aziombe. Uchujaji mkubwa hufanywa mbali, katika seva za makampuni, kwa masharti asiyoyaandika yeye. Katika Gmail, barua iliyodhaniwa kuwa taka huwekwa katika folda yake, na hata ikiwa ni barua ya kumwita chuoni, hukaa humo siku 30, kisha hufutwa.