Kwinini, kwinidini na ugomvi wa Ohio

Kwinini na kwinidini hutoka kwenye magome ya mti mmoja, msinkona, na fomula yao ni moja: C20H24N2O2. Kinachozitenga ni mpangilio wa atomi tu. Ya kwanza tunaijua kwa malaria. Ya pili imetumika zaidi kutuliza mapigo ya moyo. Anayetafuta kwa fomula peke yake hajui ameshika ipi.

Wakemia walihangaika na fujo hiyo tangu enzi za vitabu. Friedrich Beilstein wa St. Petersburg alipochapisha rejea yake ya kemia ogania kuanzia 1881, kampaundi 1,500 hivi zilijaza kurasa 2,200. Kuanzia 1907 Chama cha Kemia cha Marekani kikatoa muhtasari wa makala za dunia nzima, na rafu zikazidi kuelemewa.

Nafuu ilipatikana katika ofisi ya chama hicho huko Columbus, Ohio, mwaka 1965: kila kitu cha kikemia kikapewa namba yake katika daftari moja. Kwinini ni 130-95-0, kwinidini 56-54-2. Tarakimu ya mwisho ni mlinzi. Kwa kwinidini, chukua zilizobaki kutoka kulia: 4 mara 1, 5 mara 2, 6 mara 3, 5 mara 4. Jumla 52, inayoishia na 2. Ukikosea kunakili, aghalabu hesabu inakukatalia.

Daftari hilo lilikuwa la kulipia. Kisha, Septemba 2004, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zikafungua PubChem, hazina ya data za kampaundi, bure kwa yeyote mwenye intaneti. Mwaka uliofuata chama kikalalamika kwamba serikali inashindana nacho kwa fedha za umma, kikataka Bunge liibane. Hata gavana wa Ohio, Bob Taft, akaingilia. Tusikibeze chama: kusoma majarida yote yale ni kazi ya mishahara. PubChem ilinusurika.

Ila bure nayo ina gharama. PubChem hupokea data za wachangiaji wengi, na kosa la mmoja hunakiliwa kutoka hazina moja hadi nyingine mpaka lionekane limethibitishwa na kumi. Kwa molekuli za kibayolojia mimi huanzia ChEBI, hazina ya Hinxton, Uingereza: ni ndogo, lakini maingizo yake ya nyota tatu yamekaguliwa na binadamu.

Mwaka 2021 watu wa Columbus wenyewe walipanua ukurasa wao wa bure, Common Chemistry, hadi karibu vitu 500,000. Mamilioni mengine bado yanalipiwa.