Chomeka flashi

Dereva wa daladala anayemwambia konda wake "chomeka flashi hapo" amechagua kitenzi bora kuliko sisi tunaoandika "unganisha" au, vibaya zaidi, "konekti". Kuchomeka ni kuingiza kitu mahali kikashika: kisu kwenye ala, kalamu mfukoni, na sasa flashi kwenye redio ya gari. Kinyume chake, kuchomoa, kipo tangu zamani. Hakuna haja ya kubuni kingine.

Enzi za CD tulisema kuchoma nyimbo, na ilikuwa kweli tupu, maana mwanga wa leza huunguza tabaka la rangi kwenye diski. Flashi haichomwi, hujazwa. Jina lake limetoka Japani: Fujio Masuoka alipobuni kumbukumbu hiyo akiwa Toshiba miaka ya 1980, mwenzake aliona inavyofutika kwa mkupuo mmoja, akaifananisha na mmweko wa kamera.

Ila kuchomeka si kusomeka. Redio nyingi za magari, hasa za zamani kidogo, husoma flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 tu. Ukiileta na NTFS ya kompyuta, nyimbo zimo lakini redio haizioni. Fundi atakwambia "haisomi", neno moja lililojitosheleza.

Basi wenzangu mnaotafsiri vitabu vya maelekezo ya redio hizi, tafadhali andikeni hivyo hivyo: chomeka, chomoa, inasoma, haisomi. Kila dereva atawaelewa.