Mzee Aliyetaka Jina Lake Litajwe

Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bunda, nilimsomea mzee mmoja fomu ya ridhaa. Nilipofika mahali pasemapo kwamba jina lake halitatajwa popote, alinikatiza: "Mwanangu, habari hizi nilipewa na babu yangu. Usiponitaja, nani atajua kuwa sikuziokota njiani?" Sikuwa na jibu. Kamati ya maadili iliyopitisha pendekezo langu iliagiza majina yote yafichwe, nami nikatii. Katika tasnifu yangu mzee yule ni "Msimulizi wa 14". Sasa ni marehemu.

Agizo lile lina historia yake, na mwanzo wake ni tiba. Huko Tuskegee, Alabama, kati ya mwaka 1932 na 1972, madaktari wa serikali ya Marekani waliwachunguza wanaume Weusi wapatao 600, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende, bila kuwaambia ukweli wala kuwatibu, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Aibu hiyo ilichangia kuzaliwa kwa Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, ambayo kanuni zake zimeenea duniani. Kuficha jina la mgonjwa ni kumsitiri. Lakini mzee wangu hakuwa mgonjwa. Alikuwa shahidi, na kwa wazee wa Mara ushahidi hupimwa kwa kumjua msemaji na ukoo wake.

Huku kwetu mtafiti alikuja akiwa serikali yenyewe. E. C. Baker, afisa wa utawala wa Kiingereza, alichapisha mwaka 1927 makala juu ya marika ya Wilaya ya Musoma. Mwaka 1945 Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, aliandika ripoti juu ya mpangilio wa jamii za Musoma kabla ya kuja kwa Wazungu, pamoja na mapendekezo ya kuurekebisha mfumo wa koo uendane na wakati. Mtawaliwa aliyeulizwa habari za ukoo wake na watu kama hao angekataaje?

Uhuru ulimbadilisha mwenye kalamu, lakini mlango wa kuingilia kijijini ukabaki uleule. Mwaka 1968 liliundwa baraza la taifa la utafiti wa kisayansi, lililojulikana kama UTAFITI. Mwaka 1986 ikatungwa sheria ya kuanzisha COSTECH. Hadi leo barua ya kibali hushuka ngazi kwa ngazi: kwa Katibu Tawala wa Mkoa mjini Musoma, kisha wilayani, iwe Bunda au Butiama, kisha kwa watendaji wa kata na kijiji. Mtendaji ndiye huwaita wazee. Kwa watu wanaokumbuka kuhamishiwa vijijini kwa amri miaka ya 1970, muhuri si wino tu. Mara nyingi nimeona ridhaa ikitolewa kwa serikali kabla sijafungua fomu yangu.

Sisemi kamati zivunjwe. Michael Fleisher, ambaye kitabu chake juu ya wizi wa ng'ombe miongoni mwa Wakurya kilitoka mwaka 2000, alichunguza jambo ambalo kumtaja msimulizi kungeweza kumpeleka gerezani au kaburini. Lakini mwaka 2003 Jan Bender Shetler alichapisha *Telling Our Own Stories*, mkusanyo wa historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara Kusini, nao wametajwa kwa majina yao. Vitabu hivi viwili vinatoka mkoa mmoja, na kila kimoja kinadai heshima ya aina yake. Fomu moja haiwezi kuvitosha vyote. Msimulizi aulizwe, naye achague.

Sasa naigeuza tasnifu yangu kuwa kitabu. Nimewaendea watoto wa mzee yule, nao wanataka jina la baba yao liandikwe. Nimeiandikia kamati upya. Shauri hili si jepesi, kwa maana ahadi ya kuficha niliitoa mimi, na yule aliyeikataa hayupo tena wa kuulizwa.