Njia Nyembamba za Mji wa Unguja

Waliosoma jiografia wamesikia sifa za miji ya Ulaya ambayo wageni huiendea ili kutembea katika njia zake tu, hali hawana biashara wala ndugu huko. Venice, mji wa nchi ya Italia, ni mmoja wao: una vichochoro na mifereji ya maji, wala magari hayapiti ndani yake. Walakini si lazima mtu avuke bahari kuu ili aone mji wa namna hiyo. Sisi tukaao Nduguti, tukishika njia ya Singida na Dodoma mpaka Dar es Salaam, kisha tukapanda chombo, twafika Unguja, penye Mji Mkongwe. Mwaka 2000 UNESCO waliuandika mji huo katika orodha ya urithi wa ulimwengu wote. Basi, ndugu wasomaji, natutembee pamoja katika njia zake, na tukienda tuulize neno moja: uzuri huu ulitoka wapi, na nani aliyeulipia?

Kwanza tutazame jinsi njia zenyewe zilivyo. Hazikunyoshwa kwa kamba. Kila mtu alijenga alipopata kiwanja, na nafasi iliyosalia kati ya nyumba na nyumba ikawa ndiyo njia. Pengine watu wawili wakikutana, mmoja hana budi kujibana ukutani ili mwenziwe apite, kama tufanyavyo sisi katika vijia vya mashambani wakati mtama umekomaa. Nyumba ni za ghorofa mbili au tatu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimechukuliwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwi ndefu sana. Kwa hiyo vyumba vingi ni vyembamba, hata mwenye nyumba akiwa tajiri. Kuta ni nene, na kwa kuwa zimekaribiana, jua halifiki chini ila kwa muda mfupi. Huo ndio ufundi wa mji wa nchi ya joto: kivuli na upepo wa bahari hupita humo mchana kutwa.

Mbele ya nyumba nyingi pana baraza za mawe. Hapo wazee huketi jioni kuzungumza, na mvua kubwa ikinyesha na njia ikijaa maji, watu hupita juu yake. Lakini kinachosifiwa kuliko vyote ni milango. Ni ya mbao ngumu, imechorwa maua, samaki na minyororo, na mingine imepigiliwa misumari mikubwa ya shaba yenye ncha. Misumari hiyo ni desturi iliyotoka Bara Hindi, ambako husemwa kwamba iliwekwa ili tembo wa vita wasisukume mlango. Unguja hapakuwa na tembo wa kuogopwa. Basi ikawa pambo tu, na alama ya mali ya mwenye nyumba.

Mali hiyo ilitoka wapi? Sayyid Said bin Sultan, aliyekuwa mtawala wa Oman, alipendezwa na Unguja, hata mnamo mwaka 1840 akahamishia makao yake huko. Katika siku zake mashamba ya mikarafuu yalizidi sana, na kazi ya mashamba ilifanywa na watumwa. Tena misafara ilitoka pwani ikaingia bara kutafuta pembe za ndovu. Njia yake kuu ilianza Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, yaani si mbali sana na nchi yetu hii ya Singida. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliolipwa kwa nguo na shanga. Mtu alichukua mzigo wa kilo 30 hivi begani, akatembea miezi miwili au mitatu. Pembe zile zilivushwa Unguja, zikauzwa Bara Hindi, Ulaya na Marekani, zikawa bangili, vitana na vinanda. Basi kila mlango uliochorwa una jasho la watu wa bara ndani yake, ingawa majina yao hayakuandikwa juu ya kizingiti.

Sasa tushuke Forodhani, mbele ya bahari. Hapo pana Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Karibu yake pana Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Sultani huyo ndiye aliyeleta maji safi mjini kwa mabomba kutoka chemchemi iliyoko nje ya mji. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Waingereza zilipiga mizinga hapo, kwa kuwa Khalid bin Barghash alitwaa kiti cha usultani bila idhini yao. Vita hiyo haikutimiza hata saa moja, lakini watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Jumba la kifalme la jirani likaangamia, ila Jumba la Maajabu likasalia.

Tukipinda kuingia Shangani, twakutana na habari ya mapenzi. Binti mmoja wa Sayyid Said, jina lake Salme, alikaa katika nyumba iliyokuwa jirani na nyumba ya mfanya biashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Njia kati yao ilikuwa nyembamba, na kutoka darini waliweza kuonana. Mwaka 1866 Salme akatoroka kwa chombo cha Waingereza mpaka Aden. Huko mwaka 1867 akabatizwa kwa jina la Emily, na siku ile ile akaolewa na Heinrich. Wakaenda kukaa Hamburg. Lakini mwaka 1870 mumewe akafa katika ajali ya gari la reli ya mjini, naye akaachwa mgeni katika njia pana za Ulaya, ana watoto watatu. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake, akafa mwaka 1924. Mwaka 2019 watu wa Hamburg waliuita uwanja mmoja wa mji wao kwa jina lake; kisha wakaliondoa, kwa sababu katika kitabu chake alikuwa ameutetea utumwa. Hivyo twaona kwamba jina la njia si jambo dogo. Ni heshima itolewayo mbele ya watu wote, nayo huulizwa maswali hata baada ya miaka mia na zaidi.

Maswali hayo yatupeleka Hurumzi na Mkunazini. Jina la Hurumzi, wasema wenyeji, linatokana na neno huru, kwa kuwa hapo watumwa walipewa uhuru wao. Na Mkunazini ndipo palipokuwa na soko la watumwa. Wengi wao walitoka pande za Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa. Mwezi wa Juni 1873 Sayyid Barghash, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi, naye ni yeye aliyefanya kazi kubwa ya kuandika sarufi na kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Alikufa mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Ndani ya kanisa hilo umo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa. Na nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni. Anayepita hapo hawezi tena kuitazama minyororo iliyochorwa milangoni kama alivyoitazama kwanza.

Mwisho twatoka Darajani. Zamani palikuwa na mkono wa bahari, na daraja juu yake. Ng'ambo ya pili walikaa maskini, wapagazi na watumwa waliopata uhuru, katika nyumba za udongo na makuti. Mkono ule wa bahari ulifukiwa, lakini jina la Ng'ambo lilibaki. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 nyumba nyingi za mawe zilitwaliwa na serikali, na watu wa Ng'ambo wakaingia kukaa humo. Wajukuu wa waliobeba mawe wakalala chini ya boriti zile zile. Lakini chokaa isipotiwa upya maji huingia, na boriti huoza. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Jumba la Maajabu lenyewe ilianguka, ikaua watu wawili.

Basi mji husimama kwa kutunzwa, na habari zake vile vile. Nyumba ikianguka yaweza kujengwa tena na mafundi. Bali mzee akifa na habari asizoulizwa, hakuna fundi wa kuzirudisha. Hapa Nduguti hatuna milango ya shaba, lakini tuna njia, visima na vilima vyenye majina. Kila jina lilitolewa na mtu, kwa sababu fulani. Wazazi na walimu, tuwatume watoto wakawaulize wazee wangali hai: mahali hapa paliitwaje kwanza, na kwa nini? Majibu yao na yaandikwe katika daftari, na daftari liwekwe mahali pasipofika mchwa.