Mfumo wa Televisheni katika Kompyuta ya Nyumbani

Aghalabu watu hudhani kuwa televisheni ya kisasa na kompyuta ya nyumbani ni vitu vya asili mbalimbali. Historia haikubali. Mwaka wa 2010 kampuni ya Google ilipotoa Google TV, televisheni za Sony na kisanduku cha Logitech Revue vilivyobeba mfumo huo vilitumia prosesa za Intel, ndugu wa zile zilizomo katika kompyuta zetu. Basi mtu atiaye mfumo wa televisheni katika kompyuta yake hazui udugu mpya. Hufufua wa zamani.

Njia yake ilifunguliwa mwezi wa Oktoba 2008, msimbo wa Android ulipotolewa hadharani, kila mtu akapewa ruhusa ya kuusoma, kuubadili na kuugawa. Mwaka wa 2009 ulianza mradi wa Android-x86, ambao mafundi wake waliuzoeza mfumo huo wa simu kukaa katika kompyuta. Android TV ilitangazwa mwezi wa Juni 2014, nayo ilijengwa juu ya msingi uo huo. Kwa hiyo mafundi wa kujitolea waliweza kutengeneza matoleo yasiyo rasmi kwa kompyuta za kawaida, na kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi.

Nami nilijaribu toleo moja katika kompyuta yangu kuukuu. Niliandika mfumo juu ya diski ndogo ya kuchomeka, nikaiwasha kompyuta kutoka humo, na mfumo wake wa zamani haukuguswa. Sauti ilinitaabisha siku mbili. Kisha picha za safari zetu zikaonekana vizuri, na watoto wakafurahi. Walakini filamu tuliyoilipia ilikuja na ukungu.

Sababu yake si ubovu wa kompyuta. Mwaka wa 2010 Google iliinunua Widevine, kampuni ya kufuli za kulinda filamu. Kufuli hilo lina daraja. Chombo kilichothibitishwa hufungua filamu ndani ya sehemu salama ya prosesa, nacho hupewa picha kamili. Kisichothibitishwa hufungulia katika programu tu, na mara nyingi hupewa mistari 480 badala ya 1080. Hata duka la programu la Google halimo katika msimbo ule wa wazi. Lina leseni yake mbali.

Hapa ndipo penye funzo. Msimbo ulitolewa kwa watu wote, lakini uthibitisho ulibaki mkononi mwa wachache. Fundi wa nyumbani amepewa nyumba nzima, ila ufunguo wa ghala hakupewa. Hata hivyo kazi yake si bure, kwa kuwa kompyuta iliyokuwa ikingoja jalala sasa yaketi sebuleni na kutumika. Bali asiyepima ruhusa yake atadhani ana uhuru wote, kumbe anao nusu.